Nilikatika kano ya kisigino nikaambiwa nimeteguka (uzi kwa maveterani wote wa Kusini)

#1 Karani_wa_Ghala

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu, ila juzi pale stendi nimemwona jamaa anakanyaga wayo mzima kama bata, kisigino hakinyanyuki, nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka juzi. Nikamfuata kumuuliza akaniambia "nimeteguka kaka, nachuliwa". Nikasema leo naandika.

Mimi nina miaka 41, karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, Jumapili nacheza veterani. Tuseme ukweli, mimi sio mchezaji. Wiki nzima nimekaa kwenye kiti naandika magunia, Jumapili asubuhi chai na chapati mbili, bodaboda mpaka kiwanjani, kupasha misuli kwangu ni kuvuta soksi na kusalimiana na wenzangu.

Mwezi wa tisa, kabla msimu haujafunguliwa. Mpira umepigwa mrefu, nikakanyaga mguu wa kushoto nichomoke, nikasikia PAA nyuma ya kisigino. Nikageuka namtukana beki nikijua kanipiga daruga. Hakukuwa na mtu wakuu. Beki mwenyewe yuko kule mbali ameinama anafunga kamba ya kiatu, akaniangalia kama mwehu.

Na cha ajabu haikuuma sana. Ile dakika ya kwanza ndo moto, baada ya robo saa imebaki kama mtu kanikanyaga tu, nikakaa chini ya mkorosho nikamaliza kuangalia mechi, nikapanda boda nikarudi home. Hapo ndo nilipodanganyika.

Kesho yake nikaenda hospitali moja, sitaitaja. Picha ya eksirei, mfupa mzima. Jamaa akaniambia chezesha vidole, vikacheza. Akasema umeteguka kifundo, bandeji, dawa za maumivu, rudi wiki mbili zijazo. Wakuu, eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani pale, na vidole vitacheza tu hata kano ikiwa imekatika vipande viwili maana misuli ya vidole ni mingine kabisa. Hilo nimelijua baadaye sana.

Nyumbani shemeji akaleta mchuaji. Mzee wa watu, mafuta ya nazi, maji ya moto ya chumvi, kila jioni. Na nampa haki yake, siku ya kwanza tu alipopitisha kidole gumba nyuma ya mguu, kama vidole vitatu juu ya kisigino, akasimama, akarudisha kidole, akasema "hapa pana shimo". Nikasema shimo gani mzee? Akasema "mshipa umehama". Yani kidole cha mzee kilipata kile ambacho picha haikuona! Bahati mbaya dawa yake ya shimo ilikuwa kulibonyeza mpaka lizibe, wiki tatu nzima anabonyeza, mimi nauma taulo.

Naenda kula nitaendelea.

#2 Kuchele255

Mtwara kuchele! Nipo siti ya mbele na ming'oko yangu na chumvi yangu. Endelea mkuu

#3 Mshambuliaji_Mstaafu

Hiyo ya kugeuka kumtukana mtu nyuma imenikuta neno kwa neno, tofauti mimi niligeuka kumtukana refa. Wa Lindi mimi.

#4 Karani_wa_Ghala

Nimerudi. Wiki ya tano msimu umeanza, magunia yanaingia, mimi nachechemea hivyo hivyo. Kuna kabati pale ofisini juu kabisa ndo vitabu vya mizani, siku zote najiinua kwa vidole nachukua. Nikajiinua na mguu wa kulia, sawa. Nikasema ngoja nijaribu huu wa kushoto peke yake. Wakuu, kisigino hakikutoka chini hata unene wa karatasi. Najiinua natetemeka, najishika kabati, hakuna kitu, kama mguu umezimwa swichi.

Kuna dada mmoja alikuja kuuliza mambo ya malipo ya baba yake, kumbe anafanya kazi ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), akanikuta kwenye hiyo hali. Akaniambia kaka lala kifudifudi kwenye ile meza, miguu ining'inie nje. Wabeba magunia wote wanachungulia mlangoni, na mimi nimelala juu ya meza ya karani kama samaki mnadani. Akabana shavu la mguu wa kulia, wayo ukaenda chini wenyewe, tiki. Akabana la kushoto, wayo umekaa kimya. Akabana tena kwa mikono miwili, kimya. Akaniuliza "una wiki ngapi?" Nikamwambia tano. Hakusema kitu, alikaa tu kwenye gunia.

Hicho ndo kipimo wakuu. Hakina mashine wala hela. Kama hujaelewa kitu kingine chochote kwenye huu uzi shika hicho: LALA KIFUDIFUDI, WAYO NJE YA KITANDA, MTU ABANE SHAVU LA MGUU, mguu mzima kwanza halafu unaouma. Usiocheza ndo umekatika, na uende hospitali ukawaambie hivyo hivyo mlivyoona.

#5 Ghafi_Mbichi

Sasa hiyo kano ndo ipi, ile kama kamba nyuma ya mguu ambayo mbuzi ananing'inizwa nayo buchani?

#6 Fizio_Kusini

Ghafi_Mbichi umepatia kabisa, ndo hiyo hiyo mchinjaji anapopitisha ndoano, na haichaniki na mbuzi mzima ananing'inia, hapo ujue ugumu wake. Wenye vitabu wanaiita kano ya Achilles, jina la shujaa wa hadithi za Wagiriki ambaye mama yake alimchovya mtoni akimshika kisigino, basi pale pakabaki hapana kinga. Ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini, inaunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino.

Sehemu inayokatika mara nyingi ni sentimita 2 mpaka 6 juu ya kisigino, damu inafika pale kwa uchache, kwa hiyo miaka ikienda inachakaa kimya kimya bila kukuambia. Ndo maana wateja wetu wengi ni wanaume wa miaka 30 mpaka 50, wa kukaa wiki nzima na kukimbia Jumapili. Samahani Karani sikusemi wewe.

Na kipimo alichoeleza ni chenyewe. Kosa la kuambiwa "umeteguka" sio la Mtwara tu, linatokea dunia nzima, kwa sababu mgonjwa anatembea na vidole vinacheza. Ukiwa na shaka ultrasaundi inaonyesha pengo vizuri, sio lazima mpaka MRI, ile picha ya mashine kubwa ya sumaku.

#7 Mshambuliaji_Mstaafu

Fizio, na zile dawa za sipro? Mimi wiki mbili kabla nilikuwa natumia za tumbo na mkojo, kuna mtu aliniambia zinalegeza mishipa nikamcheka

#8 Fizio_Kusini

Usimcheke. Siprofloksasini (hiyo sipro, dawa ya kuua bakteria) na ndugu zake wa kundi hilo zinajulikana kuongeza hatari ya kano kuvimba na kukatika, Marekani mamlaka yao ya dawa iliweka onyo kali kwenye boksi tangu 2008. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa wenye miaka zaidi ya 60 na wanaotumia steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe. Haimaanishi utupe dawa uliyoandikiwa, ila kama unaimeza na nyuma ya kisigino panaanza kuuma, acha mpira, rudi kwa aliyekuandikia. Shida yetu mtu anainunua duka la dawa kama pipi. Na wale wanaoomba wachomwe sindano ya steroidi pale pale kwenye kano ili wacheze fainali ya mbuzi, acheni.

#9 MamaNetiboli

Jamani mimi ni mwalimu, nilikatika kwenye bonanza la walimu, mpira wa pete, naruka kudaka. Mimi SIKUPASULIWA na natembea vizuri, naruka kamba na watoto. Kwa hiyo naomba uzi usiwatishe watu kwamba lazima kisu.

Ila niliwahi, siku ya pili tu nilikuwa mikononi mwa daktari wa mifupa, akanifunga hogo (plasta ngumu) vidole vikiwa vimeelekea chini kama mcheza shoo anayesimamia vidole. Alinieleza, ukielekeza vidole chini zile ncha mbili zilizokatika zinakaribiana zinagusana, zinaungana zenyewe. Baada ya hapo ile buti ya kutembelea yenye vipande vya kunyanyua kisigino, akasema ipo Dar. Nikaenda kwa fundi viatu sokoni na kandambili kuukuu tatu. Akakata visigino vyake, akavibandika vitatu, kimoja juu ya kingine, ndani ya raba yangu ya kufundishia. Kila daktari akisema punguza naenda kwa fundi anabandua kimoja. Siku ya kubandua cha mwisho fundi akakataa hela, akasema mwalimu nimekuzoea sasa.

Msiende kukata kandambili bila daktari kuwaambia lini, nawajua nyie.

#10 Kuchele255

Hahaha kandambili za mwalimu zimeponya mguu. Sasa Fizio amua, kupasua au kutopasua?

#11 Fizio_Kusini

Siamui mimi, ila nikupe tarakimu. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Norwei, watu 526 waliokatika karibuni, makundi matatu: hawakupasuliwa, waliopasuliwa kwa mchano wa kawaida, na waliopasuliwa kwa tundu dogo. Baada ya mwaka mmoja walipopimwa jinsi mguu unavyofanya kazi, makundi yote matatu sawa tu. Tofauti ikaja pengine: wasiopasuliwa, asilimia 6.2 ilikatika tena. Waliopasuliwa, asilimia 0.6. Lakini kisu nacho kina deni lake, mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya kano uliumia kwa asilimia 5.2 ya wale wa tundu dogo na 2.8 ya mchano wa kawaida, wasiopasuliwa 0.6. Ongeza na kidonda, ngozi ya pale ni nyembamba, chini yake hakuna nyama, ikioza ni kesi.

Kwa hiyo mtu wa kisukari, mvuta sigara, mzee asiyecheza mpira, mara nyingi bora asipasuliwe. Kijana anayeishi kwa mguu anaweza kuchagua kisu. Ila hesabu hizo ni za WALIOWAHI. Ukichelewa kama Karani hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

#12 Mshambuliaji_Mstaafu

Kuhusu sigara mimi shahidi. Nilipasuliwa, daktari akasema usivute, nikawa navuta chooni nikidhani namkomoa yeye. Wiki ya tatu kidonda kikafunguka, nilikiona kile kikano cheupe mwenyewe kwa macho yangu kinang'aa kama uzi wa jongoo bahari. Miezi miwili na nusu nasafishwa kidonda. Harufu ya spiriti mpaka leo ikinipita nageuka.

#13 Karani_wa_Ghala

Pole sana kaka. Sasa niwape ya kwangu ya kisu maana inbox mnaniuliza.

Nilipelekwa Dar. Zile ncha zilikuwa zimeshakimbiana, ya juu imepanda na msuli wake, katikati pamejaa uchafu wa kovu. Daktari alinichorea kwenye nyuma ya fomu: ukiwahi, ncha zinavutwa zinashonwa pamoja, basi. Ukipita kama wiki nne hivi unaanza kuitwa wa zamani, ncha hazifikiani. Akasema "kwako nitaazima kano ya kidole gumba". Nikadhani cha mkono! Kumbe ile inayokunja kidole gumba cha mguu, inapita jirani hapo hapo nyuma, wanaikata kule chini wanaichomeka kwenye mfupa wa kisigino ifanye kazi ya ile iliyokufa.

Nikachomwa sindano ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka chini nikawa sina habari, nikageuzwa kifudifudi, mkanda wa kubana damu kwenye paja. Nipo macho kabisa nasikia stori zao. Nikamwomba muuguzi anionyeshe kwa simu maana mimi mbishi. Hiyo ncha wakuu, msifikirie kamba iliyokatwa na kisu, ni kamba ya katani iliyofumuka, nyuzi nyuzi zimesimama kila upande kama ufagio wa chelewa. Wa Lindi mliokulia jirani na mashamba ya katani mnanielewa.

Kisha hogo, vidole chini. Wiki mbili nyuzi zikatolewa, hogo jingine vidole vimepandishwa kidogo, na kadhalika mpaka wiki ya sita. Nilikuwa najichoma tumboni sindano ya kuzuia damu kuganda kila siku, maana mguu uliofungwa usipotembea damu inaganda kwenye shavu, ikipanda kwenye mapafu unaondoka. Mtu wa Kusini lazima akumbuke hili, basi la Dar ni siku nzima na mguu umening'inia. Shavu likivimba ghafla likauma, au kifua kikabana, usisubiri kliniki yako ya Jumatatu.

Lakini wakuu kisu ni saa moja na kidogo. Miezi iliyofuata ndo kazi. Hogo lilipotoka niliona mguu wa mtoto, shavu limekauka, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Halafu yule dada wa fizio (ndio, yule yule wa mezani) akaniambia nyanyua kisigino. Nanyanyua, hakiendi. Akasema acha kufikiria kisigino, fikiria unakunja kidole gumba. Nikakunja kidole gumba kichwani mwangu, KISIGINO KIKANYANYUKA. Nililia jamani, sioni aibu. Kile kidole gumba chenyewe sasa hivi hakikunjiki vizuri, kandambili inanichomoka nikitembea haraka, mke wangu ananicheka, lakini natembea.

#14 Ghafi_Mbichi

Umerudi mpirani?

#15 Karani_wa_Ghala

Nilirudi kiwanjani mwezi wa kumi na moja baada ya kisu. Kama refa. Waliowahi wanarudi kucheza miezi sita mpaka tisa hivi, wengine mwaka, na wapo wasiorudi kabisa. Beckham alikatika Machi 2010 akiwa Milan, akapelekwa Ufini kupasuliwa, Kombe la Dunia la Afrika Kusini akalikosa, na yule ana kila daktari duniani. Kobe Bryant wa mpira wa kikapu alikatika tarehe 12 Aprili 2013 akatembea mwenyewe akapiga mipira miwili ya adhabu akafunga yote. Sasa mtu akisema "mbona natembea, haijakatika", mpeni hiyo.

#16 MzeeWaNewala

Wanangu hamjambo. Nimesoma huu uzi toka mwanzo, miwani imenichosha. Nina kijana wa dada yangu hapa, kaumia siku nne zilizopita kwenye kombe la mbuzi, anasema alipigwa na jiwe nyuma ya mguu, lakini jiwe halikuonekana. Mama yake ameshaita mchuaji, anakuja kesho asubuhi. Mnasema nimbane wapi hasa?

#17 Karani_wa_Ghala

Shikamoo mzee. Alale kifudifudi, miguu yote nje ya kitanda kuanzia kifundoni, ailegeze kabisa asijitutumue. Bana ile nyama nene ya shavu, katikati, kwa mkono mmoja, kama unapima embe. Anza na mguu mzima ili ujue unategemea nini.

#18 Fizio_Kusini

Na asiangalie mzee, wengine wanasaidia bila kujua. Mwambie afumbe macho.

#19 Kuchele255

Tunasubiri mzee

#20 MzeeWaNewala

Wa kulia nimebana, wayo umecheza. Wa kushoto nimebana mara tatu, na mama yake kabana. Umetulia tu. Na kidole kikipita nyuma pale kinazama.

#21 Fizio_Kusini

Siku nne ni mapema mzee, bado ana nafasi zote mbili, ya hogo na ya kisu. Mchuaji arudishwe, asiguse. Mguu usikanyage, vidole vielekee chini, mto chini ya kifundo. Sio kuukunja juu, na asijaribu kusimamia vidole kuonyesha wajomba. Kama mna ubao mwepesi au boksi gumu mfungeni mbele ya mguu, vidole vibaki chini, msikaze sana, vidole visiwe vya baridi. Pigeni simu kwanza hospitali kubwa muulize daktari wa mifupa yupo siku gani, iwe Ndanda, iwe Mtwara, msiende kukaa benchi bure. Na mkifika semeni "tumebana shavu wayo haukucheza", msiseme ameteguka.

#22 MzeeWaNewala

Marahaba wanangu. Mama yake anauliza mchuaji ameshalipwa nusu.

#23 MamaNetiboli

Mwambie dada yetu hiyo nusu asiidai. Gari la kwanza kutoka huko saa ngapi?

#24 MzeeWaNewala

Alfajiri, saa kumi na moja.

#25 Karani_wa_Ghala

Kateni siti ile ndefu ya nyuma yote mzee, mguu ulale. Mkiwa mnakuja Mtwara niambie, nitakuwa stendi na magongo yangu, yapo uvunguni hayana kazi.